Macho hayana pazia, lakini dirisha linalo

Wale wa mwaka wa kwanza poleni na foleni ya kusaini bumu. Leo sina stori ya kafeteria wala ya maji kukatika hosteli. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa filamu.

Kuna filamu ya Kipoland inazunguka hapa kampasi kwa flashi, inatoka laptopu hii inaingia ile. Jina lake kwa lugha yao ni Krótki film o miłości, yaani Filamu Fupi Kuhusu Mapenzi. Aliyeitengeneza ni Krzysztof Kieślowski, mwaka 1988. Usidanganywe na jina, sio fupi kivile, inakaribia saa moja na nusu. Picha zake za giza giza, maneno machache, hakuna ngumi wala gari kulipuka, na bado watu wanakesha nayo. Hilo sina tatizo nalo, filamu ni nzuri. Tatizo langu ni yale wanayosema watu wakimaliza kuiangalia.

"Huyo ndo mwanaume anayejua kupenda." "Dada zetu nyie hamstahili mtu kama Tomek." "Siku hizi mapenzi ya vile hakuna tena."

Nasema mapema ili mwenye kipindi saa mbili aishie hapa hapa: Tomek hampendi yule mwanamke. Tomek anapiga chabo. Na filamu yenyewe inasema hivyo. Tena kisa hiki kina miisho miwili, na yote miwili inasema hivyo. Anayemwita Tomek mpenzi wa kweli ameiangalia filamu kwa jicho moja, kama Tomek mwenyewe alivyokuwa akiangalia.

Haya, twende taratibu.

KISA CHENYEWE (kwa ambao flashi haijawafikia)

Tuko Warsaw, kwenye yale magorofa marefu yanayotazamana, katikati uwanja. Tomek ana miaka 19. Hana wazazi, kalelewa kituo cha watoto yatima, anafanya kazi ya ukarani posta. Anaishi kwenye chumba nyumbani kwa mama wa rafiki yake, na huyo rafiki yuko nje ya nchi. Ng'ambo ya uwanja anaishi Magda, msanii, mwanamke aliyemzidi umri, yuko peke yake, wanaume wanakuja na kuondoka.

Tomek kaiba darubini. Kaielekeza kwenye dirisha la Magda. Saa yake ya kengele kaitegesha saa mbili na nusu usiku, muda ambao Magda anarudi nyumbani. Kengele ikilia, kijana anakaa kwenye kiti chake kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Magda akila, na yeye anakula. Hivyo hivyo siku baada ya siku.

Ingeishia hapo ungesema ni dogo tu mwenye aibu. Haiishii hapo. Anampigia simu halafu hasemi kitu, anasikiliza tu. Anamwandikia vikaratasi vya uongo vya posta kwamba kuna fedha yake imetumwa, aje achukue, ili mradi tu aje dirishani pake kazini amwone kwa karibu. Magda anakuja, fedha hakuna. Anakuja tena, hakuna, mpaka siku hiyo bosi wa pale anamgeuzia kibao kana kwamba yeye Magda ndiye tapeli. Barua zake nyingine kazikalia. Siku Magda ana mwanaume ndani, Tomek anawapigia watu wa gesi kuwaambia nyumba ile gesi inavuja, mafundi wanagonga mlango katikati ya shughuli. Halafu anaomba kazi ya kugawa maziwa asubuhi, ili apate sababu ya kufika mlangoni kwake.

Hesabu mwenyewe. Wizi. Kughushi. Kuzuia barua za mtu. Simu za bughudha. Taarifa ya uongo ya hatari. Ukizima ule muziki wa Zbigniew Preisner unaolia kwa huruma pale nyuma, unabaki na jalada la polisi.

Baadaye Tomek anakiri mwenyewe. Magda anakasirika, anamwambia bwana aliyekuwa naye, yule bwana anamwita Tomek chini na kumchapa ngumi. Lakini Magda naye anaanza kuvutwa, wanakwenda kula aiskrimu, halafu anamchukua hadi nyumbani. Na hapo anamdhalilisha. Anauongoza mkono wa kijana, mwili wa kijana unamsaliti hata kabla hawajaanza, na mwanamke anamwambia kwa ubaridi kuwa mapenzi ndo hayo, hakuna la zaidi, nenda kajisafishe. Tomek anakimbia nyumbani, anajikata mishipa ya mikono. Anaokolewa. Magda anabaki anamtafuta, na sasa yeye ndiye anayekaa dirishani kuangalia dirisha la mwenzie.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuje kwa mawakili wa Tomek, maana anao wengi hapa kampasi.

WAKILI WA KWANZA: "MACHO HAYANA PAZIA"

Huyu anajificha nyuma ya methali. Ndugu yangu, methali hiyo inazungumzia jicho lililokutana na kitu likiwa njiani. Mtu umepita, umeona, basi. Haizungumzii jicho lililoiba darubini na kutegesha kengele. Macho hayana pazia, sawa, lakini dirisha linalo, na pazia la dirisha ni la mwenye nyumba. Na hata asipolifunga, kutokufunga pazia nyumbani kwako sio barua ya mwaliko.

Sisi wa Kiswahili tusijifanye hatujui maneno. Tuna kuona, kuangalia, kutazama, kuchungulia, kunyemelea, kudukua. Hayo sio visawe, mwalimu yeyote wa msamiati atakwambia. Kuona hakuhitaji ruhusa. Kutazama kunahitaji adabu. Kuchungulia kunahitaji mtu mwingine asijue, asipojua ndo kunanoga. Toa kutokujua kwake, mchezo umekwisha. Ndiyo maana Magda alipoambiwa alihisi kuibiwa, ingawa hakuna kilichopungua ndani.

WAKILI WA PILI: "ALIJITOLEA SANA, JAMANI"

Eti aliamka mapema kugawa maziwa kwa ajili yake! Eti mvumilivu hula mbivu!

Kwanza, mwanamke sio embe. Embe halina ratiba, halina mtihani, halina mtu mwingine linayempenda. Embe ukilingoja linaiva. Mtu ukimngoja anaweza akakaa vile vile miaka kumi na hana kosa lolote.

Pili, angalieni juhudi za Tomek zilielekea wapi. Kila alichofanya ilikuwa ni ili yeye AMWONE Magda. Hakuna hata kimoja alichofanya ili yeye AONEKANE na Magda, mpaka alipobanwa na aibu ya pale posta. Anajua Magda anarudi saa ngapi, anakula nini, analia lini, analala na nani. Magda hajui hata jina lake. Hiyo sio juhudi ya mapenzi, hiyo ni juhudi ya kukwepa mapenzi. Maana kwenye kupenda kuna hatari moja ambayo huwezi kuikimbia: mwenzio naye akutazame, akupime, na akiamua akukatae. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tomek hakutaka kuinama. Alitaka cha mvunguni akiwa gorofani kwake.

WAKILI WA TATU: "LAKINI HAKUTAKA CHOCHOTE"

Hapa ndipo dada zangu wengi wanapolegea. Kuna pale mlangoni asubuhi, Magda anamuuliza kijana anataka nini hasa. Busu? Kulala naye? Kusafiri naye? Kijana anajibu hapana, hapana, hapana. Hataki kitu. Watu wanafuta machozi. Jamani, mapenzi safi yasiyo na tamaa!

Hebu subirini. Huyu mtu alishachukua barua. Alishachukua usiku wake. Alishachukua machozi yake, maana alimwona akilia juu ya meza siku maziwa yalipomwagika, kilio ambacho mwanamke alidhani ni chake peke yake. Alishachukua hata muda wake wa kupanda na kushuka kwenda posta kufuata fedha hewa. Mtu aliyejipakulia sahani nzima jikoni, akikaribishwa mezani atasema nimeshiba, asante. Hiyo sio staha. Ameshakula!

Na mwenye kusema hataki chochote hawezi kukataliwa. Huo ndo ujanja wake, hata kama mwenyewe haujui. Ukiomba, unaweza ukanyimwa. Usipoomba, unabaki pale mlangoni milele.

WAKILI WA NNE: "ALIKUWA MPWEKE"

Huyu ndiye wakili ninayemheshimu, kwa sababu anasema kweli. Upweke ni uvundo. Hapa kampasi tunaujua. Mtu anakuja kutoka mbali, nyumbani alikuwa wa kwanza darasani na kila mtu anamjua, hapa anakuwa namba ya usajili ndani ya ukumbi wenye watu mia tano. Bumu limechelewa, wenzako chumbani wana watu wao, wewe Jumamosi nzima unazungusha simu mkononi. Simcheki mtu kwa hilo. Yatima wa miaka 19, rafiki yake wa pekee kaondoka, nani asimhurumie?

Lakini muangalieni yule mama mwenye nyumba. Watu wengi hawamwoni kabisa kwenye filamu ile, na mimi naona ndiye ufunguo. Mama mtu mzima, mwanawe yuko ng'ambo, jioni anakaa sebuleni na televisheni, anamwita Tomek waangalie pamoja. Tomek haji. Ana kazi. Yuko kwenye darubini.

Mnaona kilichopo pale? Ndani ya nyumba moja kuna wapweke wawili, wametenganishwa na mlango tu. Mmoja anaita. Mwingine anatumia kioo cha kukuzia kumtafuta mtu wa jengo lingine ambaye hajamwita. Kama tatizo la Tomek lingekuwa upweke peke yake, dawa ilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake, inaomba kampani. Alichokuwa nacho ni kitu kingine juu ya upweke. Alishachagua nani atamtibu, na huyo aliyechaguliwa hajaulizwa.

Ndo maana nasema upweke unaeleza, haulipi. Ukiniambia njaa ndiyo imemfanya mtu aibe, nitakuelewa. Ukiniambia kwa hiyo aliyeibiwa ashukuru, hapo tumeachana.

WAKILI WA TANO: "MAGDA NDIYE MKATILI"

Ni mkatili, ndiyo. Alichomfanyia kijana nyumbani kwake ni kibaya, na filamu haimfichi. Alikuwa mtu mzima, alijua anachofanya, akaamua kumvunja. Simtetei.

Ila angalieni hesabu inavyopigwa. Tomek miezi na miezi ya makosa, anaitwa mpenzi. Magda usiku mmoja wa ubaya, anaitwa muuaji. Na wembe aliushika nani? Hapa lazima tuseme wazi maana maisha ya watu yako hapa. Mtu anapofikia kujidhuru, anahitaji watu, anahitaji hospitali, anahitaji wa kukaa naye usiku. Hahitaji kupewa msichana. Msichana sio drip. Filamu yenyewe inalijua hilo. Aliyemgundua Tomek na kumwahi ni yule yule mama wa sebuleni aliyekuwa anaita siku zote.

KIEŚLOWSKI MWENYEWE ANASEMAJE?

Kuna wanaosema msanii alitaka tumpende Tomek, wewe nani ubishe? Haya, tumtazame msanii.

Kieślowski alizaliwa 1941, akafa Machi 1996. Kabla ya filamu za kuigiza alitengeneza filamu za maisha halisi kwa miaka mingi. Yaani kazi yake ilikuwa kuwaelekezea watu kamera. Mwaka 1980 alitengeneza filamu inaitwa Dworzec, kuhusu stesheni kuu ya treni ya Warsaw. Polisi wakaja wakachukua mikanda yake, kwa sababu walikuwa wanamtafuta mtuhumiwa wa mauaji na walidhani huenda kamera imemnasa. Hawakumpata. Lakini jamaa alishtuka. Kumbe bila kukusudia angeweza kuwa jicho la polisi! Mwaka mmoja kabla, 1979, alikuwa ametoa Amator, kuhusu mfanyakazi wa kiwandani aliyenunua kamera kumpiga picha mtoto wake mchanga, ikamnogea, akawa anampiga kila mtu, mpaka mke akaondoka na rafiki akaumizwa. Inaishia anaigeuza kamera na kujielekezea mwenyewe.

Na baadaye alieleza kwamba moja ya sababu za kukimbilia filamu za kuigiza ni kuwa aliogopa machozi ya kweli. Hakujua kama ana haki ya kuyapiga picha. Kwa waigizaji machozi yanatoka kwenye chupa, hakuna anayeibiwa.

Sasa mtu huyu, ambaye maswali ya kuchungulia yalimnyima usingizi miaka kumi, ndiye mnayetaka kuniambia alitengeneza filamu ya kumsifia mchunguliaji? Yeye alikuwa Tomek, akalijua hilo, akaweka darubini chini. Filamu hii ni swali alilojiuliza mwenyewe. Wenzake wengine hawakujiuliza. Kwenye Rear Window ya Hitchcock ya 1954 mpiga picha aliyevunjika mguu anachungulia majirani kwa lenzi, na mwisho anaonekana shujaa kwa sababu kweli kulikuwa na muuaji. Kwa Kieślowski hakuna muuaji wa kumsafisha mchunguliaji. Kuna mwanamke tu anayekula chakula cha usiku.

MIISHO MIWILI

Hapa ndo pakunoga. Kisa hiki Kieślowski na mwandishi mwenzake Krzysztof Piesiewicz walikiandika kama sehemu ya Dekalog, filamu kumi za televisheni za kama saa moja moja, kila moja ikigusa amri mojawapo kati ya zile kumi. Hii ni ya sita. Mbili kati ya kumi zilirefushwa kuwa filamu za sinema, hii ni mojawapo.

Kwenye ya televisheni, Magda anakwenda posta, anamkuta Tomek kazini, na Tomek anamjulisha kuwa hamchungulii tena. Basi. Inaisha. Baridi kama maji ya mtungi.

Kwenye ya sinema ni tofauti. Magda anaingia chumbani kwa Tomek, kijana amelala na bandeji mikononi. Magda anaweka jicho kwenye darubini, na anajiona mwenyewe siku ile ya maziwa, analia mezani. Halafu anamwona Tomek anaingia na kumbembeleza. Kieślowski mwenyewe alisimulia kuwa mwisho huu uliombwa na mwigizaji, Grażyna Szapołowska aliyecheza Magda. Yeye alitaka uwe kama hadithi.

Mawakili wanashangilia: mnaona, hata mwanamke mwenyewe alimtaka!

Wadau, rudieni dakika zile mara ya pili, mara hii bila kulia. Kwenye ndoto ile Tomek yuko wapi? Yuko CHUMBANI. Yuko upande huu wa kioo, mkono wake uko kwa mtu anayejua kuwa yupo. Alichotamani Magda siku ile sio mtu wa kumtazama akilia. Alitamani mtu wa kuwa naye akilia. Na kwenye maisha halisi ya kisa, siku ile Tomek alibaki kwenye darubini.

Kwa hiyo mwisho mmoja kijana anaiacha darubini. Mwisho mwingine anawekwa mahali ambapo darubini haina kazi. Hakuna mwisho ambao darubini inashinda. Mimi nikiambiwa nichague nitachukua ule wa televisheni, kwa sababu hautoi zawadi. Lakini hata huo wa pili, mtamu kama ulivyo, ni ushahidi dhidi ya mteja wenu.

KWA NINI NINAKASIRIKA HIVI

Mtasema, da' mwalimu, filamu tu hiyo. Hapana.

Mwenzetu mmoja, sisemi wa mwaka wa ngapi na yeye karidhia niandike hivi, alipata Tomek wake. Kijana aliinakili namba yake kwenye karatasi ya mahudhurio ilipopita mkononi mwake darasani. Kutoka hapo ni meseji kabla hajaamka na meseji akishalala. Akibadili njia, anamkuta kwenye njia mpya. "Leo umevaa ile gauni ya njano, umependeza." Alijibu mara ya kwanza kwa upole kwamba hapana. Mara ya pili bila upole. Wenzake wakamwambia mhurumie, anakupenda yule, mwaka mzima huyo hajachoka. Akaripoti kwenye ofisi moja, akaambiwa hayo ni mambo ya vijana, kayamalizeni wenyewe. Akaacha kuja kwenye majadiliano ya jioni. Akahama kundi la semina, zoezi likampita. Kijana akaandika kuwa atajiua, na ghafla macho yote yakamgeukia YEYE.

Kilichosaidia hakikuwa yeye kukubali. Walikuwa wanaume wawili aliokuwa anakaa nao chumba kimoja yule kijana. Waliacha kucheka, wakamnyang'anya simu kwa usiku ule, wakampeleka kwa mshauri wa wanafunzi, wakawapigia ndugu zake. Leo anasoma vizuri tu. Tungemwambia "vumilia, utakula mbivu" sijui tungekuwa wapi.

Wale mnaopenda karatasi, karatasi zipo. Kwa akina Tomek wenyewe, Poland iliweka kosa la kumwandama mtu kwenye sheria yake ya jinai mwaka 2011, miaka 23 baada ya filamu. Kwetu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inagusa bughudha za kijinsia, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ujumbe wa kumsumbua na kumtesa mtu kihisia kwa makusudi. Tatizo sio karatasi. Tatizo ni sisi tunaozisoma halafu tunasema "ah, mapenzi hayo".

NA SISI NI WALIMU WATARAJIWA

Hili ndo la mwisho na ndilo linaloniuma zaidi. Angalieni Tomek alitumia nini. Alitumia OFISI. Kidirisha chake cha posta, vikaratasi vyake vya posta, barua zilizopita mkononi mwake kwa sababu raia wanaiamini posta. Bila ile kazi ndogo ya ukarani angebaki kijana na dirisha lake.

Sasa na sisi tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Tutakabidhiwa daftari la mahudhurio, namba za simu za wazazi, madaftari ya mazoezi, funguo za maktaba, alama za mtihani. Tutajua nani hana baba na nani anarudi nyumbani kwa njia ya peke yake. Wengine tuna miaka 22, mgeni kijijini, chumba cha kupanga, mtandao wa kubahatisha, upweke wa kutisha. Na mbele yetu wamekaa watoto wanaotuamini kama Magda alivyoiamini posta. Mwalimu aliyejifunza kuwa kuvizia ndo kupenda, kwamba upweke wake ni deni ambalo mtu mwingine lazima alilipe, akifika pale atafanya nini? Mnajua jibu. Tumesoma shule, wote tunajua jibu.

Na hata kama wewe hutafanya, utaulizwa. Msichana wa kidato cha pili atakuja mezani kwako na kusema, mwalimu, kuna mtu ananifuata. Wewe utamwambia nini? "Anakupenda huyo"? Basi rudisha ada ya Watanzania.

Kwa hiyo filamu iangalieni, sijasema ifutwe. Mimi ningependa hata ioneshwe ukumbini, ile ya televisheni na ile ya sinema kwa usiku mmoja, tukabishane mpaka mlinzi azime taa. Lakini wenye marafiki akina Tomek vyumbani mwenu, na mnao, acheni kuwapigia makofi. Mwite sebuleni. Mwambie njoo tuangalie mpira, njoo tupike ugali, njoo tukusikilize. Akikataa, mwite tena. Na akishampenda mtu, amfuate mchana kweupe, aseme jina lake, aseme lake la moyoni mara moja, halafu asikilize jibu. Likiwa hapana, ni hapana. Linauma, linapita, kuna watu wa kukaa naye.

Mwenye hoja tofauti aje na hoja, matusi sitaki. Na asije akaniambia macho hayana pazia, hiyo nimeshaijibu.

Naomba kuwasilisha. Kesho nina prezentesheni ya saikolojia ya elimu na sijaanza hata ukurasa mmoja, niombeeni.